Taa za Mke wa Jukwaani

Taa za mkono wa kushoto wa joho zilizimika kwanza, kisha za kulia, na mama akabaki katikati ya jukwaa, kiganja amekinyoosha kwa mtu ambaye hakumwona tena.

Mama yangu, Siu-khim, alicheza wanaume maisha yake yote. Katika opera yetu mashujaa huchezwa na wanawake, na katika mji wetu wa Puzi akina mama watu wazima walimwita "mume wangu" sokoni na kumjazia mapera kikapuni, huku waume zao wakicheka na tambuu mdomoni. Mkewe wa jukwaani alikuwa A-Tsu, miaka nenda miaka rudi. Wakishuka jukwaani walichokozana hadi chakula kikapoa.

Macho ya mama yalipoanza kufifia, hakumwambia mtu, hata mimi niliyemshonea mavazi. Nilijionea mwenyewe: akipapasa kikombe, akigeuza uso kufuata mwanga tu. Halafu jioni moja, tukicheza mbele ya hekalu, alimpigia goti mchezaji wa askari akimwita mke wangu kipenzi. Watu walivunjika mbavu. A-Tsu hakucheka. Alinifuata nyuma ya pazia, rangi ikiwa bado usoni.

"Mama yako haoni."

"Nani kasema?"

"Wee mtoto! Nimeolewa na yule mwanamke kabla hujazaliwa, leo nisimjue?" Akavua joho lake, akanitupia. "Nishonee taa. Taa si anaziona?"

Zilikuwa taa ndogo bapa, zina matundu pembeni kama vifungo. Uzi wake ulikuwa wa chuma laini unaopitisha umeme, na nililazimika kushona njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, bila kuziacha zigusane. Nilizipanga kwenye mikono mirefu ya joho na kuzunguka kola, betri nikaificha chini ya mshipi.

Mama tulimwambia ni fasheni, ya kuwavuta vijana.

"Umekuwa duka la simu," alimcheka A-Tsu.

"Na wewe umekuwa mzee, mume wangu. Mimi angalau nawaka."

Usiku ule mama alimwendea moja kwa moja, kifua mbele, kama zamani. Nilimgeuzia mpiga ngoma mgongo nifute macho.

Vijana walikuja kweli. Bwana Khoo, mwenye kundi, akataka kila mchezaji awekewe taa. A-Tsu akagoma: wakiwaka wote, yeye atakuwa nani? Wenzake wakamwita mwenye majivuno, mwanamke asiyejua kuzeeka. Aliwaacha waseme. Mimi ningeweza kumtetea, lakini angenikata ulimi.

Ndipo ikaja sikukuu ya mungu wa kike wa bahari, na manyunyu yakapenya turubai. Mikono ya joho ikalowa, nyuzi zikagusana, taa zikazimika. Mama akapiga hatua, akapiga nyingine, akielekea ukingo wa jukwaa. Pale mke hutakiwa kununa kimya, kichwa chini. Nilikuwa nimekwisha kushika pazia nikimbilie jukwaani A-Tsu alipopaza sauti kwa maneno ambayo hayakuwamo kabisa katika mchezo ule.

"Unakwenda wapi, mwanamume usiye na haya? Nyumba umeipita! Mkeo yuko huku, mashariki, anakusubiri na mwiko!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama akasimama. Akageuka polepole, akaweka mkono kiunoni.

"Sema tena, mke wangu. Nyumba yangu naijua kwa kelele zake."

A-Tsu akasema tena, na tena, akimtukana kwa mashairi, mpaka vidole vyao vikakutana. Kutoka nilipokuwa niliona jinsi A-Tsu alivyovibana vya mama.

Walicheza misimu mingine miwili bila taa. Yule mke mnyamavu akawa mke wa domo, na watu wakampenda zaidi.

Kesho yake baada ya sikukuu ile, mama aliniambia nizifumue taa. Tulikuwa tumeketi uani, joho limelala mapajani mwangu.

"Mama, ulijua zilikuwa za nini?"

"Tangu lini A-Tsu akapenda kung'aa? Hata rangi ya mdomo hupaka kwa kubembelezwa."

"Mbona hukusema, basi?"

Alinyoosha mkono, akakamata ncha ya uzi, akanisaidia kuuvuta.

"Alikuwa amependeza," akasema.