Mahindi Meupe ya Oleta

Kama hujawahi kunyang'anywa mbegu za mama yako, usimhukumu Delphia. Mama yake alipofariki, hata wiki haijaisha, Oleta, mke wa kaka yake, alishaikomba nyumba yote, pamoja na kopo la maharagwe ya kutambaa. Maharagwe hayo hayauzwi duka lolote. Bibi mzaa bibi aliingia nayo kwenye milima hii ya Kentucky, ameyashonea kwenye pindo la gauni.

"Kopo gani, wifi?" Oleta alimjibu, macho makavu. "Yalikuwa yamebunguliwa. Nimeyatupa."

Kumbe! Majira ya baridi kaka yake, Hobert, mtu asiyejua kuficha neno, akaropoka kuwa kopo limo kwenye friza lao, na Oleta atayapanda chini ya mahindi yake matamu, yatambae kwenye mabua. Delphia akaaga, akarudi kwake. Usiku wote alikuwa anasaga meno.

"Atanitambua," alijiapia.

Mahindi ya Oleta ndiyo yaliyokuwa kiburi chake: meupe, matamu, yakisifiwa kila Agosti kwenye chakula cha kanisa. Basi bustani ya Delphia ilikuwa ng'ambo ya uzio, upande upepo unakotokea. Akapanda huko mahindi ya njano, yale magumu ya kulisha nguruwe, yanayochelewa kuchanua, wiki mbili kabla ya wifi yake, ili yatoe mbelewele siku zilezile mahindi ya Oleta yanapotoa ndevu. Mahindi matamu yakipata vumbi la maua ya mahindi magumu, utamu kwaheri. Hilo kila mkulima wa bonde lile analijua. Kwanza amwaibishe mbele za watu. Halafu vuli, maganda yakikauka, aruke uzio akachukue mbegu za mama yake. Alipanga vizuri, mwanamke yule.

Julai nzima alikaa barazani akiutazama upepo unavyomfanyia kazi, roho yake kwatu.

Jumapili ya chakula, sinia la mahindi likawekwa katikati ya meza. Watu wakang'ata. Wakatafuna. Wakaendelea kutafuna.

"Dada Oleta," akasema mzee Estill, aliyekuwa na meno ya bandia, "haya umetupikia sisi, au umemnyang'anya nguruwe?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mchungaji naye akajifuta mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika.

"Pole, wifi," Delphia akasema, sauti laini kama siagi. "Labda ni mvua."

Oleta alishika hindi moja, akaligeuzageuza, akilitazama punje kwa punje.

Jumatatu asubuhi Delphia akasikia trekta. Alipochungulia, Hobert alikuwa anafyeka bustani ya mkewe, mahindi na maharagwe yake pamoja, maganda bado mabichi! Akatoka mbio na ndala zake, akauparamia uzio.

"Oleta, mwambie asimame! Maharagwe ya mama!"

"Maharagwe gani, wifi? Si nilikwambia nimeyatupa?"

"Ni mimi niliyekuharibia mahindi. Haya, nimekiri! Nitakiri hata kanisani. Mwambie asimame!"

"Unadhani sijui?" Oleta akacheka kwa uchungu. "Mimi nimepanda meupe, hizo punje za njano zimeshuka kutoka mbinguni? Bonde zima mwenye mahindi ya njano ni wewe. Hasira zilikupofusha hata rangi hukuchagua. Nami nimepanda kopo lote, sikubakiza hata punje. Kalie sasa."

Delphia akapiga magoti kwenye mabua yaliyolala. Alipasua ganda hili, akapasua lile. Mbegu zilikuwa changa, zikipondeka vidoleni na kutoa maji tu.

Hobert alimaliza mstari wa mwisho, akazima trekta, akaja akijifuta jasho.

"Sasa unalia nini, dada? Oleta aliniambia lazima tufyeke, yamepata ugonjwa. Wewe si unayo ile nusu kopo aliyokugawia siku ya mazishi?"

"Hakunipa hata punje moja, Hobert."

Hobert akamtazama mkewe.

Kaka mtu akavua kofia, akachuchumaa kando ya dada yake, naye akaanza kupasua maganda. Akapasua mengi.

"Basi yameisha," akasema. "Ya mama yameisha, na nimeyafyeka mimi."