Dole Gumba la Dina

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, karani wa viwanja alinyoosha kamba yake karibu na Iguguno, akawaweka Dina na Antipasi ukuta kwa ukuta, bila kuuliza kama paka na panya hukaa nyumba moja. Dina alikuwa mjane mwenye ulimi. Antipasi alikuwa mgane mwenye mbuzi saba na kiburi cha mwenye mbuzi sabini. Watoto wao walishakua wakaenda zao, basi kila mmoja alikuwa na nafasi ya kutosha ya kugombana.

Vita vilianzia juu ya paa. Tembe ya Dina, yenye paa bapa la udongo, ilikuwa fupi, na mbuzi walipanda wakala mlenda aliouanika huko.

"Baba Petro! Mbuzi wako wamemaliza mboga yangu tena!"

"Mama Isaka, kwani umejenga nyumba au umewajengea mbuzi meza?"

Majirani wakacheka. Dina alipandwa na hasira, akaenda moja kwa moja kwa Gabrieli, katibu wa kijiji, akataka mtu yule ahamishwe. Gabrieli akaandika malalamiko, Dina akaweka dole gumba. Karatasi ikaenda wilayani, ikalala huko miezi minane.

Miezi minane si mchezo. Kila asubuhi walitukanana, na kila asubuhi matusi yalizidi kunoga. Dina alianza kuchagua tusi la kesho tangu akiwa kisimani. Kisha homa ikamlaza. Siku ya pili Antipasi alisimama mlangoni na ndoo ya maji.

"Hodi, Mama Isaka. Hunitukani tena? Mwenzio chakula hakipiti."

Dina alicheka mpaka akakohoa. Alimpenda, basi, na hakuwa mtu wa kupenda nusu. Wakapatana kwamba mavuno yakiisha waende kwa mchungaji. Mbele za watu waliendelea kugombana, kwa kuona haya, na pia kwa sababu walishanogewa. Ile karatasi Dina hakuikumbuka hata mara moja.

Jumatatu moja aliitwa ofisini. Wajumbe wote walikuwa wamekaa.

"Mama, umeshinda!" Gabrieli alisema. "Wilaya imekubali. Ijumaa Antipasi anapelekwa kijiji kipya, huko kupita Shelui."

Dina akatikisa kichwa. "Nimemsamehe. Futeni."

"Karatasi ya wilaya haifutwi na sisi, mama."

Dina akaitupa haya yake pale pale mbele ya wanaume. "Nampenda. Tunataka kuoana."

Wajumbe wakatazamana. Asubuhi ile ile kijiji kizima kilikuwa kimemsikia akimwita Antipasi fisi asiye na haya.

"Amekutisha," mzee Ezekieli, mjumbe, alisema kwa upole. "Sema tu, binti yangu. Amekutishia kisu?"

"Hajanitisha, mzee! Naapa!"

"Mtazameni anavyotetemeka."

Kadiri alivyoapa, ndivyo walivyozidi kumwonea huruma. Gabrieli akapiga meza: mtu anayetisha wajane hangojewi mpaka Ijumaa. Lori lililoleta mbegu lilikuwa bado halijaondoka. Aende nalo leo.

Mgambo wawili wakampandisha Antipasi pamoja na mbuzi wake. Dina alipenya katikati ya watu mpaka akaushika ubao wa lori.

"Baba Petro!"

Antipasi alimtazama kama mgeni. "Wamenionyesha karatasi. Lile dole ni lako?"

Angekana vipi? "Ni langu, lakini ni la zamani, kabla ya..."

Injini ikanguruma, yaliyobaki hayakusikika. Lori likashika barabara ya Shelui.

Wanawake wakapiga vigelegele. Kristina, rafiki yake wa tangu usichana, akamkumbatia kwa nguvu.

"Pole kwa mateso, mwenzangu. Sasa utalala kwa amani."

Dina alifungua kinywa awaambie. Akaziona nyuso zote zile zilizokuwa zikimfurahia, akajua hakuna hata mmoja atakayemwamini.

"Asanteni," alisema.