Kiti cha Kidole

Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kwangu mtu mmoja ni jina moja na jalada moja, na asiyetaka mpango huo aende ofisi nyingine. Ndiyo maana ule mtaa wa muziki ulinivuruga kichwa tangu dakika ya kwanza.

Nilifika saa kumi jioni. Ni mtaa wa zamani, majengo yenye roshani za mbao na mwaka wa ujenzi uliochongwa juu ya kila mlango. Wafanyakazi walikuwa wakimwaga maji barazani na kushusha makreti ya soda, na ndani ya kila ukumbi kulikuwa na mtu anayejaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili. Hakuna hata mmoja aliyefika tatu.

Nilikuwa nimetumwa na mama. Daktari alimpangia upasuaji wa nyonga kesho yake asubuhi, na alisema wazi kwamba wakichelewa tena mama hatatembea. Mama akagoma. "Sisaini kitu mpaka nimwone mwanangu," alisema, akageukia ukutani. Mwanawe huyo ni mdogo wangu, mpiga gitaa la besi, maarufu mtaani kwa jina la Kidole. Mimi na yeye hatujasalimiana tangu msiba wa baba, miaka sita, kwa ugomvi ambao kila mmoja anausimulia kivyake. Mama ndiye aliyekuwa akiongea naye kwa simu kila Jumapili. Nilipotuma habari ya upasuaji kwenye namba hiyo, simu ikazimwa. Nilimtukana kimoyomoyo, nikapanda basi.

Ukumbi wake niliupata upesi, kwa sababu juu ya mlango palikuwa na bango kubwa la mbao: KIDOLE NA BESI YAKE. Fundi alikuwa juu ya ngazi akiyapaka rangi mpya maandishi yaleyale.

"Kidole mwenyewe yupo?" nilimuuliza.

"Yule mzee mwenye kipara? Anayechechemea? Sijamwona siku nyingi."

Mdogo wangu hajafika hata miaka arobaini na ana miguu ya kukimbilia mabasi. Nikaona fundi kalewa harufu ya rangi, nikaingia ndani. Dada aliyekuwa akifuta glasi alisikiliza swali langu na kutabasamu. "Mrefu, mwembamba, ana mwanya? Alikuwa anatuchekesha sana huyo." Huyo ndiye. Nikashusha pumzi. Kisha mama mwenye ukumbi akatoka jikoni akijifuta mikono, akanitazama kwa huruma. "Kidole tulishamzika, mwanangu. Wewe ni nani wake?"

Nilikaa juu ya kreti. Naona alishtuka kuliko mimi, maana alikimbia kuniletea maji.

"Subiri, subiri. Wewe unamtaka Kidole yupi?"

"Wako wangapi?"

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Bango lile lina umri mkubwa kuliko yeye na wageni huja kupiga picha chini yake, kwa hiyo halibadilishwi. Anayekalia kiti cha besi ndiye Kidole, basi. Wa kwanza amezikwa. Wa pili, mwenye kipara, amestaafu. Wa tatu ndiye mwenye mwanya. Wa nne yuko jukwaani anakaza nyuzi. Kiti kinakuja na shati jekundu, ufunguo wa kabati na simu, kwa kuwa wenye sherehe wote wanaijua namba ile.

"Na simu?" nilisema.

"Na simu."

Nilipanda jukwaani bila kuomba ruhusa. Nilimkuta mtu mnene wa rika langu, mwenye miwani, gitaa likiwa mapajani. Aliponiona akasimama.

"Wewe ni dada wa masjala," alisema. "Goti linaendeleaje?"

Goti langu linauma nikipanda ngazi. Nimemwambia mama peke yake.

"Umenijuaje?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshaanza kuelewa na sikutaka.

"Simu ilikuja na kiti. Jumapili ya kwanza ikaita, imeandikwa Mama. Nilipokea ili nimwambie mwenyewe hayupo. Akasema, mwanangu, leo sauti yako imechoka. Mimi sina mama tangu nikiwa darasa la tatu, dada. Nikajibu, ndiyo mama, nimechoka."

"Kisha?"

"Kisha ikawa kila Jumapili. Miaka miwili. Ulipotuma ujumbe nikaogopa, nikazima."

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Aliondoka na bendi ya melini. Alisema wiki sita. Hajaandika."

Nilitamani kumpiga na mkoba wangu. Wakati huohuo nilikuwa naona aibu, kwa sababu mtu huyu wa jukwaani alikuwa anamfahamu mama yangu wa mwaka huu, na mimi nilikuwa bado nina yule wa zamani. Sikujua nimkasirikie nani kwanza. Nikampigia mama nikiwa sijapanga la kusema.

"Umempata?" aliuliza.

"Mama, kuna jambo. Huyu unayeongea naye kila Jumapili..."

"Si mdogo wako. Najua."

Wa nne alikuwa ananitazama usoni, ameshika shingo ya gitaa kwa mikono miwili.

"Yule niliyemzaa hajawahi hata siku moja kuniuliza kama nimekula," mama alisema. "Huyu huanza na hilo kabla ya salamu."

"Lakini ulisema nikuletee mwanao."

"Ananiita mama. Ulitaka nimwite nani? Mwambie aje, nimwone sura kabla hawajanilaza, halafu nitasaini."

"Na mdogo wangu je?"

"Huyo tutamtafuta mimi na wewe," alisema, "nikishaweza kutembea."