Theluji ya Dongobesh

Efrazia alikuwa anachuja maziwa mgeni alipoingia uani, begi mgongoni, akainamisha kichwa na kusema shikamoo. Alimwamkia Efrazia, akamwamkia mumewe Tadeo, kisha, kwa kuogopa kumvunjia yeyote heshima, akamwamkia na ng'ombe aliyechungulia kutoka zizini. Tadeo aliitikia marahaba kwa niaba ya ng'ombe.

Mgeni aliitwa Marit, mwanafunzi kutoka kaskazini kabisa ya Ulaya. Katika mpango wao wa kubadilishana wanafunzi, yeye aje Dongobesh, na Zita, binti wa nyumba hii, aende kuishi kwa wazazi wa Marit. Marit alipata viza. Zita alinyimwa. Basi Marit akapewa kitanda cha Zita, na Zita akatandika godoro sakafuni, chumba hichohicho.

Asubuhi ya kwanza Zita aliamka na theluji nyweleni. Nyingine ilikuwa kwenye blanketi na ndani ya kandambili.

"Umetoka wapi?" mama yake akamuuliza.

"Kwao Marit, mama. Kule kuna baridi, we acha tu."

"Haya, izoe kabla haijayeyuka. Ng'ombe wanakusubiri."

Efrazia si mtu wa kutupa kitu. Aliijaza theluji kwenye beseni, akasimamisha humo dumu la maziwa, na kwa kuwa Zita aliamka na nyingine kila asubuhi, tangu siku hiyo maziwa yake hayakuchacha tena njiani. Yahaya, mwenye mgahawa pale senta, alilalamika tu kwamba maziwa ya baridi namna ile yanamlia mkaa.

Siku ya tatu Tadeo alimpa mgeni jembe, kama methali inavyotaka. Marit aling'oa mahindi akaacha magugu.

"Wewe utatuua na njaa," Tadeo alimwambia kwa furaha, akamwonyesha upya. Jioni Efrazia alimpaka samli kwenye malengelenge ya viganja. Walikuwa wameshampenda, na mapenzi yakishaingia, mahindi machache si kitu.

Jumapili mama yake Marit alipiga simu.

"Anauliza kama Zita anapenda samaki anaomwachia mezani," Marit alitafsiri. "Anasema kitanda changu sasa kinatandikwa vizuri kuliko wakati wangu."

"Mwambie nashukuru sana, ila chumvi imezidi kidogo," Zita alisema. "Na shikamoo yake."

Kesho yake Zita aliamka amevaa soksi nene za sufu, zilizofumwa kwa kipimo cha miguu yake.

Lakini hakuridhika, na nani angeridhika? Kule alifika usiku tu, watu wamelala. Alitaka kufika mchana, abishe hodi, afunguliwe mlango, amwone yule mama uso kwa uso. Akaomba viza tena.

Jibu lilikuja kwenye simu ya Marit alfajiri moja, Zita akiwa hayumo ndani. Marit alilisoma jikoni, akalia. Wamekataa. Wanasema hakuna uhakika kwamba Zita, akishafika kule, atarudi kwao.

Efrazia alimfuta machozi kwa upande wa kanga. Tadeo alitazama dirishani. Kule zizini Zita alikuwa ameshachuchumaa, theluji ingali nyweleni, ndoo katikati ya magoti.

"Mwacheni amalize kukamua," Tadeo alisema. "Halafu ndiyo tumwambie."