Meza ya Mwalimu Advera

Kwa miaka thelathini na minne Mwalimu Advera alishika chaki kila siku ya kazi, na hata siku moja hakuwahi kuiona kuwa kitu cha maana. Chaki inaandika hesabu, inafutwa, inakukohoza, basi. Ndiyo maana Valentino alipofungua sanduku lake bapa na kuwaonyesha wastaafu waliokuja kujifunza kuchora vipande vya chaki za rangi, laini kiasi cha kuacha unga kidoleni, mwalimu alicheka peke yake.

"Nimestaafu ili niachane nayo hii," alisema.

"Hii ni nyingine, mwalimu. Hii haimfundishi mtu kitu," Valentino akamjibu.

Valentino alikuwa mtoto wa Itetemia, hapo hapo Tabora. Aliishi miaka tisa ng'ambo, katika mji mmoja wa pwani ya Mediterania, akifua mashuka ya hoteli. Kila mwanzo wa kiangazi wazee wa Kizungu walikuja kukaa pale juma zima, kazi yao kuchora malimau na mitungi kwa chaki laini, kula samaki na kulala mchana. Mwanzoni aliwaona wamerukwa na akili. Mwaka wa pili akawa anawabebea meza, na mwaka wa tatu akaketi akachora nao. Aliporudi Tabora akajiuliza kwa nini wastaafu wa hapa wasipate juma lao, akakodi nyumba kuukuu ya udongo kando ya njia ya zamani ya misafara, na paroko akamsaidia kutangaza kanisani: mafungo ya kuchora, Jumatatu hadi Jumamosi. Watu walicheka hadi kicheko kikasikika madhabahuni. Waliojitokeza walikuwa saba, akiwemo fundi Majidi wa Kanyenye, ambaye alisema amekuja kupumzisha masikio na kelele za cherehani.

Masharti ya Valentino yalikuwa machache. Usichore kitu cha dukani, chora vitu vya kwako ambavyo mkono umevizoea. Viweke mbele ya kitambaa cheusi ili vyeupe ving'ae. Mwanga utoke dirisha moja tu. Na ukishavipanga, visisogee mpaka picha iishe, kwa sababu ukisogeza kikombe kivuli kinahama, na picha yako imekufa. Waliotoka mbali walipanga meza zao humo humo ndani na kulala hapo. Advera, ambaye kwake ni mwendo wa dakika ishirini, alipanga yake nyumbani, akawa anachora asubuhi na kupeleka picha mchana ikasahihishwe.

Nyumbani kwake siku hizi kulikuwa chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya mwanawe Festo. Alihamia humo baada ya mumewe kufa, na hakuhamia kwa kulazimishwa. Alimpenda mkwewe, Bernadeta, na kwa miaka saba walikuwa wamepika jiko moja bila neno. Alimpenda zaidi Recheli, mjukuu wake wa miaka mitano, mtoto asiyeweza kuona kitu bila kukigusa.

Kwa hiyo alifanya hivi. Alinunua kaniki, akaigongomea ukutani. Mezani akaweka kibuyu cha marehemu mama yake, yai moja la kuku wa kienyeji, ushanga mwekundu, na kiatu cha Recheli cha mguu wa kushoto, kilichokuwa kimembana tangu mwaka jana na ambacho mwenzake alikwisha kupotea. Kila kitu akakizungushia duara la chaki nyeupe juu ya meza, ili kikisogea kwa bahati mbaya akirudishe mahali pake. Kisha, kwa kumhofia Recheli na vidole vyake, akafunga mlango kwa kufuli na ufunguo akautia shingoni.

Mtu yeyote wa Tabora angechungulia chumba kile angejua anachokiona. Kaniki, kibuyu, yai, shanga, kiatu cha mtoto, maduara meupe, na mlango umefungwa kwa kufuli. Asiyejua alikuwa Advera peke yake. Alikuwa amesoma, amefundisha, ameimba kwaya maisha yake yote, na mambo hayo yalikuwa yamemtoka kichwani kabisa. Kusoma sana nako kuna upofu wake, wala hakuna wa kukuonya, maana kila mmoja anadhani unaona.

Jumatano macho yake yalianza kuwa mekundu kwa vumbi la rangi. Bernadeta alimpa uji, akamtazama usoni, akageukia pembeni haraka. Advera alidhani mkwe amechoka.

Alhamisi Recheli alikataa ugali, akalala mchana kwenye mkeka, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mpeleke akapimwe malaria," Advera alisema.

"Nimempa panadol, mama."

"Panadol haipimi, Bernadeta. Mpeleke."

"Sawa, mama," Bernadeta akasema, na hakwenda.

Ijumaa Advera alitoka mafungoni saa tisa alasiri akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja siku nyingi. Valentino alikuwa ameishika picha yake mbali, akaitazama kwa muda, kisha akawaita wengine. Kesho ingetundikwa ukutani, watu wa mjini wakija waione. Alitembea njia nzima ameikumbatia ndani ya karatasi laini, asije akaifuta kwa kanga yake.

Alipoingia uani aliona kwanza kufuli. Lilikuwa chini, limevunjwa. Festo alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha mama yake, nyundo mkononi. Bernadeta alikuwa kwenye mkeka barazani amempakata Recheli, na mtoto mwili wote ulikuwa unatikisika, macho yamegeuka juu, povu mdomoni.

"Degedege," Advera akasema. "Tangu saa ngapi?"

Nje ya ua bajaji ilikuwa ikinguruma.

"Mnampeleka hospitali?"

"Tunampeleka kwa mzee Mahona, njia ya Urambo," Festo alisema bila kumtazama.

"Urambo! Hospitali ni robo saa kutoka hapa."

"Wakimdunga sindano anakufa," Bernadeta akasema. "Mama, wewe unajua. Degedege la kutumiwa na mtu halidungwi sindano mpaka aliyelituma alifungue."

Advera alikuwa akiyasikia maneno hayo tangu akiwa msichana. Alikuwa ameyasikia pia misibani, kwenye misiba ya wanafunzi wake wa darasa la kwanza, watoto waliotakiwa kupata dripu na badala yake wakafukizwa majani njiani. Aliweza kuwataja kwa majina na dawati walilokalia.

"Mama," Festo akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba ajibiwe vizuri. "Kile kilichomo chumbani kwako ni nini?"

"Ni cha kuchora, mwanangu. Ni mafungo yale ya Valentino."

"Kibuyu ni cha kuchora?"

"Ndiyo."

"Na yai?"

"Na yai."

"Na kiatu cha mwanangu, umekizungushia alama?"

Advera alifungua mdomo kueleza habari za vivuli na dirisha, na hapo ndipo naye alipokiona chumba chake kwa macho ya mtu mwingine. Akafungua karatasi, akawaonyesha picha. Lilikuwa kosa kubwa kuliko yote. Picha ilikuwa nzuri. Kiatu kilikaa humo kama kimevuliwa sasa hivi, kamba yake imelegea, ndani pana kivuli cha kidole gumba. Bernadeta alimfunika mtoto uso kwa kanga asiione, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mpigieni Valentino," Advera alisema. "Mpigieni paroko, atawaambia."

Festo alikuwa amekwisha kumnyanyua mtoto. Alimweka begani, akaanza kutembea kwenda kwenye bajaji, na Recheli akashikwa tena, mara ya pili, mkono wake mdogo ukipigapiga mgongo wa baba yake. Mpaka kwa Mahona ni saa moja na nusu, barabara ikiwa nzuri. Advera alipiga hesabu hiyo, na jibu lake alilijua.

"Festo, simama," akasema. "Ni mimi."

Festo akasimama.

"Ni mimi niliyemfunga. Mlete hapa nimfungue."

Hakumtazama mwanawe usoni, aliogopa akimtazama atashindwa. Aliingia chumbani. Hakujua wachawi wanafungua vipi, hakuna aliyewahi kumfundisha, ikabidi atunge papo hapo, upesi, kama alivyokuwa akitunga maswali ya mtihani usiku wa kuamkia mtihani wenyewe. Aliing'oa kaniki ukutani. Akakata uzi wa ushanga, shanga zikatawanyika sakafuni. Yai akalipasua uani mbele yao. Kiatu akamkabidhi Festo kwa mikono miwili. Kibuyu cha mama yake akakikanyaga mpaka kikavunjika. Mwisho akaiweka picha juu ya mapaja yake, akaipangusa kwa kiganja, mara tatu, kutoka juu hadi chini, na rangi zote zikachanganyikana zikawa tope la kijivu. Hilo lilimuuma, hata saa ile, na akajionea haya kwamba limemuuma.

"Nimefungua," akasema. "Sasa sindano haimdhuru. Lakini nimefungua kwa hospitali tu. Mkipita kwa Mahona, au kwa mtu mwingine yeyote, kitajifunga tena, na mimi sitaweza. Nendeni sasa hivi."

Walikwenda. Wakamwacha uani, na hakuthubutu kuomba nafasi kwenye bajaji.

Festo alirudi Jumamosi asubuhi kuchukua nguo za mtoto. Advera alikuwa ameketi pale pale barazani. Alisikia "Shikamoo" ikitamkwa kwa mbali, akaitikia, akangoja.

"Amefumbua macho," Festo alisema. "Ameomba chai. Daktari anasema malaria ilikuwa imepanda kichwani. Tungechelewa kidogo tu, tungempoteza."

Advera alilia. Alilia kwa sauti, bila aibu, akimtaja Mungu na watakatifu aliowakumbuka. Alipotulia akamshika Festo mkono.

"Umesikia mwenyewe, mwanangu. Malaria. Daktari amekwambia. Mimi nilisema uongo ili mumpeleke. Sikuwa na njia nyingine."

Festo aliutoa mkono wake taratibu, bila hasira. Hiyo ndiyo iliyomtisha mama yake, kwamba hakuwa na hasira.

"Mama, kama lingekuwa uongo, sindano ingemuua. Amedungwa mara nne, na amepona."

"Amepona kwa sababu ni dawa ya malaria."

"Amepona baada ya wewe kufungua. Nilikuona kwa macho yangu. Sijamwambia mtu yeyote, na sitamwambia. Wewe ni mama yangu." Alikunja gauni dogo, akalikunja tena ingawa lilikuwa limekwisha kunjwa. "Nimempigia mjomba Emilian. Nimemwambia umechoka, unataka kupumzika huko Urambo. Nitakupeleka Jumatano."

Advera alitafuta hoja. Mwalimu aliyewafanya watoto wa nusu ya Itetemia waelewe kugawanya kwa desimali alikaa akitafuta namna ya kumwelewesha mtoto wake wa kumzaa jambo moja tu, akaikosa. Kama Recheli angekufa, yeye angekuwa amemuua. Recheli alipona, na kupona kwake ndiko kulikomshuhudia kuwa mchawi. Mchana huo picha zilitundikwa kule kwenye nyumba ya udongo, ukuta mmoja ukabaki na msumari mtupu, na Valentino akampigia simu mara sita bila kupokelewa.

Mtoto aliruhusiwa Jumanne. Advera aliisikia bajaji, akasimama mlangoni pa chumba chake ili amwone japo kwa mbali. Alimwona. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba, lakini alikuwa anatembea mwenyewe. Mtoto alipomwona bibi yake akataka kukimbia kwake, na Festo akamdaka mkono, akamwingiza ndani, akafunga mlango wa mbele.

Bernadeta ndiye aliyekuja uani, peke yake. Alisimama mbali kidogo. Kisha, mwanamke yule ambaye kwa miaka saba alikuwa akimtania mama mkwe wake na kumnyang'anya mwiko jikoni, alipiga magoti kwenye mchanga.

"Mama, nimekuja kushukuru. Umemwachia. Ungetaka usingemwachia, lakini umemwachia."

"Inuka, Bernadeta."

Hakuinuka.

"Kuna mwingine," akasema. "Ana miezi mitatu. Hatukukwambia, mama, utusamehe, tuliogopa kukwambia. Nakuomba. Huyu naye nakuomba."

Advera aliangalia kitenge kilichofungwa kwa ulegevu kiunoni mwa mkwewe, akaelewa kwamba walianza kumwogopa kabla ya juma lile, labda kabla ya macho yake kuwa mekundu kama yanavyosemwa ya mchawi, labda siku alipohamia uani akiwa mjane. Ukweli alikuwa nao mdomoni. Angeweza kuusema kwa mara ya tatu. Lakini kwa Bernadeta ukweli huo ungekuwa ni kukataliwa ombi lake. Angelala miezi sita iliyobaki akishika tumbo, akihesabu kila maumivu, na likitokea lolote asingekwenda hospitali, angekwenda kwa Mahona.

"Huyo simgusi," Advera akasema.

"Apa, mama. Apa kwa kaburi la baba."

Mumewe alizikwa kwa misa, na msalaba wa kaburi lake aliuchagua yeye mwenyewe. Advera alilitaja kaburi hilo, akaapa kwamba hatamdhuru mtoto aliye tumboni. Bernadeta akaanguka kifudifudi, akalia kwa furaha, akamwita mama, mama yangu, na kumwomba Mungu amzidishie miaka.