Tangawizi ya Kaoma

Kaoma, mvuvi wa Nchelenge mwenye pengo la meno ya mbele, alikuwa na kiti kando ya binti yangu Débora kwenye chumba cha kusafisha damu. Figo za wote wawili zilikuwa zimeshindwa kazi. Mafua yalipomshika Kaoma, alitafuna tangawizi mlangoni ili muuguzi asisikie kikohozi, maana aliamini anayekohoa hurudishwa nyumbani bila kuwekwa kwenye mashine. Virusi vilishuka mapafuni bila mtu kujua. Tulimzika mvua zilipoanza.

Leo, tukishuka basi hospitalini, kifua cha Débora kilikuwa kinakoroma, na shavu lake limetuna.

“Unatafuna nini?”

“Mama, usiseme. Batanirudisha.”

“Nimeuliza unatafuna nini.”

“Tangawizi. Kaoma alinipatia.”

“Kaoma tulishamuzika, Débora.”

“Najua, mama. Alinipatia asubuhi, kwa ngambo ya maji.”

Nikakinga mkono. “Tema hapa.”

Akatema. Nikamshika bega hadi kwa muuguzi, nikasema, “Binti yangu anakohoa.”

Muuguzi hakumrudisha. Alimvalisha barakoa, akampima homa, akampeleka chumba cha pembeni chenye mashine yake. Damu ilipoanza kuzunguka, Débora alifumba macho.

Ndipo nilipofungua kiganja nikitupe kile kipande. Alama za meno zilikuwa bado mbichi, na katikati yake palikuwa na pengo.

Binti yangu ana meno yake yote.