Bushi ya Shume

Nilimwonea wivu Secilia tangu siku aliyokuja, na sioni haya kusema. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye mashine ya kukereza ya Bwana Ismaili hapa Lushoto, halafu anakuja binti katoka chuo, na wiki ya tatu tu wateja wanauliza, "Yule dada yupo?" Nami nimesimama mbele yao, mikono imejaa mafuta.

Kilichonitia kichaa zaidi ni kwamba Bwana Ismaili alikuwa anarudi kwao Mlola kulima, na karakana angemwachia mmoja wetu aisimamie. Hakuwa amesema nani. Zamani hata asingehitaji kusema.

Nilikuwa na kitu kimoja ambacho Secilia hakuwa nacho. Shaba naijua kwa kuikata tu. Iliyochanganywa na madini ya risasi hukatika chengachenga, na kisu kinapita bila shida. Isiyo na risasi hutoa nyuzi ndefu za kujisokota, na mashine inanung'unika. Mafundi wa Korogwe walikuwa wananiletea vipande vyao niwatambulie.

Basi ikaja kazi ya bushi, kile kipete cha shaba cha kushikilia shafti, kutoka kwa wapasua mbao wa Shume. Shafti ya msumeno wao inazunguka ndani ya bushi hiyo kutwa, na wale watu kupaka grisi ni mpaka wakumbushwe. Hapo lazima iwe shaba yenye risasi, maana grisi ikikauka, risasi ndiyo inayolainisha na shafti inapona. Bwana Ismaili akampa Secilia kazi hiyo. Mimi hakunitazama hata usoni.

Secilia akachagua kipande kwenye sanduku la chakavu, akaanza kukata. Mashine ikanung'unika, nikaisikia toka nilipokuwa. Akaizima, akaja na nyuzi kiganjani.

"Samahani, fundi, hii ina risasi kweli? Mimi bado sijazoea. Wewe ukisema ndiyo, naendelea."

Aliniuliza kwa heshima, na heshima yake ndiyo iliyonichoma. Ningependa aniulize kwa kiburi. Nikazigeuzageuza zile nyuzi kama mtu anayefikiri, nikamwambia ndiyo, aendelee.

Siku ya nne watu wa Shume wakaja na shafti imechubuka vibaya, bushi imeing'ang'ania. Secilia akaeleza kwamba aliniuliza, kisha akasema kosa ni lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekata. Bwana Ismaili akainama chini ya mashine, akaokota uzi mmoja wa ile shaba, akaninyooshea.

"Nathanaeli, hukuijua hii, au uliijua?"

Nikaona nilivyojifunga mwenyewe. Nikisema niliijua, natoka karakana siku hiyohiyo, na Lushoto nzima itajua nimefanya nini.

"Sikuijua," nikasema.

Alinitazama sana. Hakuniamini, lakini hakubishana nami. Akampa Secilia funguo za karakana.

Jana asubuhi Secilia aliniita kwenye mashine. Alikata kipande kimoja cha shaba, akakata na cha pili, akaniwekea mabaki viganjani, haya mkono huu, yale mkono ule.

"Angalia, fundi," akasema kwa upole. "Hizi chengachenga ndizo zenye risasi. Ukizoea utazijua."

Nikamwambia asante.